Skauti wa Bwera: binti aliyenyimwa skafu kwa swali la "nyumbani mko watoto wangapi"

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo.

Mimi humu ni msomaji tu, natoka uzi huu naingia ule, kuchangia sichangii. Juzi kuna mdau aliuliza kama vile vibeji wanavyovaa watoto wa skauti vina maana yoyote au ni urembo tu. Nikaanza kumjibu pale chini, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Basi nimeona nifungue uzi wangu, maana jibu lenyewe ni refu na mimi likinikaa kifuani silali.

Nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu, na siongezi chumvi. Majina yaliyomo ni yale ambayo huko watu hupewa kwa zamu ya kuzaliwa, na yanabebwa na watu wengi mno, kwa hiyo hata nikiyataja sijamtaja mtu.

Wale wa "leta picha", sina. Simu yangu ya wakati ule ilikuwa ya tochi.

Twende.

Mimi ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, fundi cherehani. Miaka ile ya 2014, 2015 hivi, mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha saruji upande wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Mwanzoni tulikaa wote kwenye nyumba za wafanyakazi, lakini mimi kukaa nikitazama dari siwezi. Nikakodi kibaraza Bwera, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, kwa sababu siku za soko Wakongo wanavuka na vitenge vyao na kila mtu anataka kushonewa leo leo. Watoto wetu wakasoma huko huko, baba yao akawa anakuja wikiendi.

Mjue vitu viwili kuhusu mimi.

Kwanza, situlii. Hata nikikaa kanisani mguu unakanyaga kama vile cherehani iko mbele yangu.

Pili, mtu akisimama kibarazani kwangu, kabla ya salamu nimeshamuuliza, "Saizi gani?" Mume wangu anasema hata malaika akija kunichukua nitamuuliza saizi.

Sasa, shule ya parokia walikosoma wanangu ilikuwa na kundi la skauti wadogo, wale wa miaka saba mpaka kumi hivi. Skafu na nyota kuzipata kutoka Kampala ilikuwa kazi, wakaniomba niwashonee. Hivyo ndivyo nilivyoingia uskauti, kwa mlango wa sindano. Baadaye nikajikuta naitwa madam, nakagua kucha na masikio ya watoto wa watu.

Kwa wasiojua, vyeo vyenyewe vinapatikana hivi.

Mtoto akijiunga havai kitu. Anakuja na nguo zake za nyumbani. Anafundishwa ahadi, sheria, saluti, na jinsi ya kuunga kamba mbili kwa fundo lisiloteleza. Anajifunza kutandika kitanda, kufua soksi, kuvuka barabara, kuwasha sigiri ya mkaa, mkubwa akiwepo. Akishapimwa na kupita, anasema ahadi yake mbele ya watu na kufungwa skafu shingoni.

Hapo ndipo safari inaanza. Nyota ya kwanza inakaa kwenye kofia. Ya pili inachukua muda, wengine wanakata tamaa. Halafu kuna beji za mkononi: mpishi, huduma ya kwanza, msaidizi wa nyumbani. Watoto wanawekwa kwenye vikundi vya sita sita, na kiongozi wa kikundi namshonea mistari miwili ya njano.

Mtu mzima anaweza kucheka. Mimi mwanangu wa pili alipopata beji ya mpishi, kwa kupika ugali ulioungua nusu, alilala na mkono nje ya shuka ili isikunjike.

Kwa hiyo mdau wa juzi, jibu ni ndiyo, vina maana. Lakini siyo hiyo iliyonileta.

Kundi lilikuwa chini ya mtu tuliyemwita Afande Kule. Mwanajeshi mstaafu, Mkonzo, mwenyeji wa Karambi hapo jirani, analima kahawa. Hakuwa mbaya, wakuu, naomba mlishike hilo tangu sasa. Watoto walimpenda, na hakuna siku alimgusa mtoto kwa fimbo. Ila alikuwa mnyoofu kuliko rula. Uongo kwake ulikuwa hauna mkubwa wala mdogo.

Alikuwa na msemo wake akitaka tumuonee huruma: "Mimi kwetu niko peke yangu. Shamba yote nalima mimi." Tulishauzoea, hatukuusikia tena.

Na skafu zangu alizihesabu mwenyewe. Hakuna skafu ya kutoka kwenye kikapu changu kabla yeye hajasema, "Imepita." Hiyo ndiyo sheria.

Basi akaja Kahambu.

Binti wa miaka minane, Mkongo, wa upande wa Beni. Walivuka na mama yake vita vilipochachamaa huko kwao, wakapanga chumba nyuma ya soko, mama akawa anauza mafuta ya mawese kwa chupa. Mtoto mwembamba, macho yanazunguka kila mahali. Tulifanana hapo, yeye na mimi, hakuna aliyekuwa anatulia.

Akitoka shule alikuja kibarazani kwangu kuokota vipande vya vitambaa. Nilidhani ni vya mwanasesere. Kumbe alikuwa anajifunzia lile fundo. Anaunga kipande na kipande, anavuta, anafungua, anaunga tena, mpaka siku moja nikakuta ameunga vipande vyote vya kapu langu vikawa kamba moja ya kuzunguka kibaraza. Nikamgombeza, halafu nikaenda nyuma kucheka.

Kila siku aliniuliza, "Mama fundi, fulari yangu utashona lini?" Fulari ndiyo skafu kwa Kifaransa chao.

"Ukipita."

"Nitapita."

Na kweli hakuna kitu kilichomshinda. Sigiri aliwasha kuliko mimi. Ahadi aliisema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. Alitaka ile skafu jinsi mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na sijawahi kumwona mtoto akitaka kitu hivyo. Mimi nikaenda nikaikata na kuishona kabla ya siku ya kupimwa. Niliona hakuna haja ya kusubiri.

Siku ya kupimwa, kuna kipengele cha nyumbani. Bwera ni mpakani, siku ya soko mtoto anapotea kama sindano. Kwa hiyo mtoto lazima aseme jina lake, jina la mzazi, anakaa wapi, na nyumbani kwao wako watoto wangapi, ili akiokotwa arudishwe. Ndicho kipengele rahisi kuliko vyote. Hakuna aliyewahi kukifeli.

Kahambu akasimama mbele ya afande, mkono kwenye saluti.

"Jina?"

"Kahambu."

Jina la mama akataja, pa kukaa akataja.

"Nyumbani muko watoto wangapi?"

"Niko peke yangu, afande."

Afande akainua kichwa. "Rudia."

"Niko peke yangu."

"Wewe naitwa Kahambu. Kahambu ya Kongo ni Mbambu ya hapa. Hiyo ni jina ya musichana wa tatu. Wa kwanza ni Masika. Wa pili ni Biira. Masika iko wapi? Biira iko wapi?"

Mtoto akashusha mkono wa saluti.

Hapa niwaelezee. Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Kongo wanampa mtoto jina kwa zamu. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukisikia jina la mtu umeshajua waliomtangulia ni wangapi. Mimi naitwa Nekesa kwa sababu nilizaliwa wakati wa mavuno, kwetu jina halihesabu mtu, kwa hiyo siku hiyo ndiyo nilielewa.

Afande alimsubiri. Namtendea haki, alimsubiri sana. Mtoto akaangalia viatu vyake, na midomo akaibana mpaka ikawa myeupe.

"Skauti hapana danganya," afande akasema, wala hakupaza sauti. "Ingine yote umejua. Hii umedanganya. Hapana pita. Rudi nyuma."

Hakulia. Alirudi kwenye mstari, akasimama wima, akawapigia makofi wenzake waliopita. Mimi ndiye niliyetoka nje nikajifanya natafuta pini.

Jioni mama yake akaja kibarazani. Nikamvutia kigoda.

"Mama fundi, banasema mutoto yangu iko muongo."

Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo. Naye akaniangalia tu, kwa sababu wote wawili tulijua ndivyo ilivyosemwa.

"Ni miye nilimuambia aseme vile," akasema. Halafu yakatoka. "Wakati tulikimbia, njia ilikuwa na batu mingi. Masika na Biira balikuwa mbele na shangazi yao. Miye nyuma na huyu mudogo, juu ya kuchoka kwake. Masasi ya bunduki ikaanza kule mbele, batu bakatawanyika kila mutu na njia yake. Tangu siku ile sijue."

Nikamuuliza kama hajapata habari yoyote. Akatikisa kichwa.

"Akisema tuko batatu, batauliza bale bengine beko wapi. Akisema bamekufa, atakuwa amebazika. Akisema beko, batasema tubaone. Nikamuambia, mwanangu, sema uko peke yako, batu baache." Akanishika mkono. "Usiambie mutu. Hata ule afande."

Nikaahidi.

Wakuu, mimi na mdomo wangu huu, kuahidi kitu kama hicho. Sikutulia tena. Nilishona mfuko wa shati kwa ndani. Nilimpimia mteja suruali, akaja kuchukua gauni. Kila mtoto wa kike mkubwa aliyepita na Wakongo siku ya soko nilimwangalia usoni kana kwamba ningemtambua.

Nikaenda kwa afande na kisingizio cha kutafuta kahawa ya kununua. Nikamwambia labda mtoto ana sababu yake.

"Sababu gani?"

Nikainama kuchambua punje za kahawa.

"Madam, mimi hapana kataa mutoto. Mimi nakataa uongo. Aseme kweli, leo leo nampa skafu. Kwetu jina haiwezi kudanganya."

Nikarudi na kahawa ambayo hata sikuwa naihitaji.

Sherehe ya ahadi mwaka ule ilikuwa Kasese, kwenye uwanja, na vikundi vya shule nyingine. Tulikodi Fuso, watoto na wazazi wote ndani. Afande akaruhusu Kahambu naye aje, "apigie wengine makofi." Mama yake akaja pia, akakaa kwenye kona amejifunika kitenge.

Skafu zilikuwa kwenye kikapu changu. Na ya Kahambu niliiweka, chini kabisa. Msiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilishindwa tu kuiacha nyumbani.

Tukafika Kikorongo, pale njia ya Bwera inapokutana na ile kubwa ya Kasese. Malori ya chumvi ya Katwe yamepanga foleni, watu wanauza gonja, zile ndizi za kuchoma. Dereva akasimama watoto wajisaidie. Afande akaona ni nafasi ya kuhesabu skafu. Akahesabu, akarudia.

"Hii moja ya zaidi ni ya nani?"

Nikasema ni ya akiba.

"Madam. Ya nani?"

Sikuweza kusema ya nani bila kuingia kwenye lile nililoahidi kulifunga. Nilikuwa na hasira, na joto, na siku nyingi za kubana mdomo. Mdomo ukanitangulia.

"Afande, wewe unaitwa Kule. Kule si ni mvulana wa nne? Mwaka mzima unatuambia kwenu uko peke yako. Hao watatu wako wapi?"

Alikuwa na gonja mkononi. Akaishusha.

"Nani amekutuma kuuliza?"

"Hakuna. Wewe ulimuuliza mtoto, na mimi nakuuliza wewe."

Akarudisha skafu kikapuni, akaenda akasimama karibu na malori ya chumvi, ametugeuzia mgongo. Dereva alipiga honi mpaka watoto wakaanza kumwita. Alirudi, akakaa mbele na dereva.

Mimi huko nyuma nilikuwa kama nimekalia siafu. Nilijua nimeharibu. Nilijua sasa hata kikapu chote anaweza kukizuia.

Uwanjani ikafika zamu yetu. Akaita mmoja mmoja, maswali, ahadi, saluti, mimi natoa skafu, yeye anafunga. Wazazi wanapiga vigelegele. Wa mwisho akafungwa, na mimi nikaanza kufunika kikapu.

Afande hakutoka pale mbele.

"Kahambu. Kuja."

Mama yake akanishika mkono juu ya kiwiko. Ana nguvu yule mama, alama zilikaa.

Mtoto akaenda akapiga saluti, lakini afande hakumuuliza kitu. Akajiweka sawa yeye mwenyewe, visigino pamoja, kama ndiye anayepimwa.

"Leo naanza mimi," akasema. "Jina yangu Kule. Mutoto ya nne. Baluku alikufa na surua. Bwambale alimufuata, surua ile ile. Masereka alienda jeshi mbele yangu, hapana rudi, na hakuna mutu alileta habari. Kwetu tulizaliwa wanne."

Upande wetu wazazi waliacha vigelegele, wakasogea kumsikia.

"Mimi nasemaga niko peke yangu," akaendelea. "Si uongo. Ni kuchoka kuulizwa."

Kisha akainama kidogo. "Sasa wewe. Jina?"

"Kahambu."

"Kwenu muko wangapi?"

Mtoto akageuka kumtafuta mama yake. Nilihisi vidole vya mama yake kwenye mkono wangu vikilegea, kimoja baada ya kingine. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Tuko batatu," Kahambu akasema. "Masika, Biira, na miye."

Akasimama anasubiri. Mama yake anasubiri, mimi nasubiri. Sote tulijua swali linalofuata, hata wewe unayesoma unalijua. Afande pia alilijua, nilimwona limemfika mdomoni.

Hakuliuliza.

"Imepita," akasema. "Madam, leta ile ya zaidi."

Nikaichomoa chini ya kikapu, nikampelekea. Kahambu akasema ahadi yake yote bila kukosea, afande akamfunga. Njiani kurudi alikaa kwenye Fuso ameshika ncha zote mbili za skafu, safari nzima.

Alipata nyota ya kwanza mwaka huo huo. Nilimwambia aishone mwenyewe kwenye kofia, na aliishona vizuri.

Fundisho? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi siwapingi. Lakini kuna swali la kumsaidia mtu na kuna swali la kumfukua, na yote mawili yanaweza kuwa ni maneno yale yale. Mkiwa walimu, makarani, wahudumu wa kambi, yeyote anayemjazia mtu fomu, mtu akikwambia yuko peke yake usikimbilie kumwita mwongo. Na kama lazima aseme, anza kusema wewe.

Nimalizie na hili ndipo niwaache.

Siku ya soko iliyofuata, Mama Kahambu alikuja kibarazani na chupa ya mafuta ya mawese. Akasema, "Nishonee fulari mbili ingine. Sawa na ya Kahambu."

Nikafungua mdomo kuuliza saizi gani, kama kawaida yangu. Nikaufunga. Masika na Biira wamekua kiasi gani, angejulia wapi?

Namshukuru Mungu skafu haina saizi.

Nilizishona siku hiyo hiyo. Mama alisema zikae kwangu, kwenye kikapu, na zile nyingine. Afande alipokuja kuhesabu akazikuta. Akahesabu, akarudia. Halafu akazikunja vizuri, akaziweka chini kabisa, akapanga nyingine juu yake. Na kila alipokuja kuhesabu baada ya hapo, zile mbili hakuzihesabu.

Tuliondoka Bwera mkataba wa mume wangu ulipoisha. Kikapu nilimwachia afande.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Waliopitia skauti walete yao, wenye watoto waulize kuhusu nyota na beji, nitajibu kila mmoja kwa ninavyojua.

Lile swali moja tu msiniulize.